Punguza Tanga Kabla Ziwa Halijakulazimisha: Majibu kwa Wenye Mashua Ndogo

Tangu mvua zianze, barua nyingi zinazotufikia kutoka mialoni ya Mwanza na visiwani zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mashua ndogo ya tanga ifanye nini ziwa likichafuka? Tumechagua sita. Mbili zimechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu humo ndimo watu wanamopotelea.

SWALI: Nina mashua ya mbao ya futi 18, tanga moja la pembetatu, na huwa tunavuka watu watatu kutoka Igombe kwenda upande wa Ukerewe. Utabiri ukisema mawimbi ya mita 1.2, niende au nisiende? — Msomaji, Igombe

JIBU: Usiende. Ila tungependa ujue kwa nini, ili kesho uamue mwenyewe.

Kimo cha mawimbi kinachotajwa kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa si kimo cha wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale yaliyo makubwa. Ndani ya saa chache litakuja moja linalokaribia mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mita 1.2 ya redioni, ziwani ni mita 2 na zaidi, hata kama ni mara moja moja. Sasa chukua futi kamba. Pakia mashua kama unavyoipakia siku zote, watu wakae mahali pao, kisha pima kutoka ukingo wa ubao hadi kwenye maji, pale katikati ilipozama zaidi. Ukipata sentimita 40, una mashua ya kawaida ya huku kwetu. Ukipata chini ya 30, shida yako ni mzigo, na hata ziwa la mita 0.6 litakuingia.

Kimo peke yake hakizamishi chombo. Wimbi refu lenye mgongo wa mviringo hukupandisha, likakushusha, likapita. Linaloua ni wimbi fupi lililosimama wima, linalovunjika kichwani. Ziwa Victoria ndiyo tabia yake: upepo huamka ghafla, mawimbi hufuatana kila sekunde 3 au 4, na kutoka kilele hadi kilele ni kama mita 14 hadi 25. Mashua ya mita 5 na nusu haimalizi kutoka kwenye wimbi la kwanza kabla la pili halijaigonga omo, yaani sehemu ya mbele. Kwa mashua iliyo wazi kama yako, mpaka wetu ni mawimbi ya mita 0.6 na upepo usiozidi kilomita 25 kwa saa. Wapo watakaosema tunaogopa kupita kiasi. Hatuupandishi.

Usidanganywe na utulivu wa ndani ya Ghuba ya Mwanza. Ghuba ni nyembamba, na nchi kavu iko karibu pande zote mbili, kwa hiyo mawimbi hayana nafasi ya kukua. Ukitoka mdomoni kuelekea Ukerewe unakutana na mawimbi yaliyosukumwa makumi ya kilomita kwenye ziwa wazi. Upepo unaweza kuwa uleule, maji yakawa mengine kabisa.

Saa nazo zina kanuni. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo hizo za kila upande zikikutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana mambo hugeuka, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na hukazana kuanzia saa nane. Kwa chombo cha tanga, nafasi nzuri huwa baada ya mawingu ya alfajiri kutawanyika hadi kabla ya upepo wa mchana kukaza, yaani takriban saa tatu asubuhi hadi saa sita. Ikiwa alfajiri unaona umeme ukimulika ziwani, subiri, hata kama mwaloni hakuna jani linalotikisika.

Ukiwa tayari majini, hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Dhoruba inayosafiri kilomita 40 kwa saa itakufikia baada ya dakika 15, na upepo wake hutangulia mvua, kwa hiyo toa dakika kadhaa. Ukiona wingu jeusi lenye ukingo mrefu kama rafu, upepo ukakatika ghafla, halafu ukapuliza wa baridi, usiangalie tena saa. Ule mstari mweusi wenye povu unaoutembelea uso wa maji ni upepo wenyewe unakuja.

SWALI: Upepo ukizidi mimi hulegeza kamba ya tanga, lakini ndugu yangu husema tushushe kabisa. Tanga letu tumelishona kwa viroba na halina namna ya kupunguzwa. Tufanyeje? — Msomaji, Kayenze

JIBU: Nyote wawili mna haki, kila mmoja kwa wakati wake. Kulegeza kunafaa kwa mpulizo mmoja. Upepo ukikaza na kubaki, kulegeza hakutoshi: tanga hupepea kwa nguvu, viroba huchanika kwenye mshono, na foromali, ule mti unaofungiwa tanga, hutikisa mlingoti mpaka kamba zake zilegee. Kushusha kabisa nako kuna kasoro yake, maana mashua isiyo na mwendo haisikii usukani, na mawimbi huigeuza ubavu. Kinachokosekana kwenu ni hatua ya katikati: tanga dogo.

Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukifika 40, msukumo wake kwenye tanga huwa mara nne. Hauongezeki mara mbili kama wengi wanavyodhani. Ndiyo sababu chombo kilichokuwa kinakwenda vizuri hugeuka cha hatari ndani ya dakika mbili, bila nahodha kubadili chochote.

Tanga la pembetatu la foromali hupunguzwa vizuri zaidi kwa kukunjiwa kwenye foromali yenyewe. Tuseme upande unaofungwa kwenye foromali una mita 6, na kutoka hapo hadi pembe ya demani, ile inayovutwa na demani, kamba iliyo mkononi mwako, ni mita 4. Hilo ni tanga la mita za mraba 12. Likunje sentimita 80 tu sambamba na foromali, linabaki chini kidogo ya mita za mraba 8: zaidi ya theluthi imeondoka. Kunja sentimita 80 nyingine, zinabaki kama 4 na robo, na hilo ndilo tanga la dhoruba.

Kazi ya kushona ni ya siku moja. Tandika tanga chini, piga mstari wa chaki sentimita 80 kutoka foromali, na mwingine kwenye sentimita 160. Juu ya kila mstari shonea ukanda wa turubai nzito wenye upana wa sentimita 10, kwa mishono miwili, na uzi wa nailoni. Kwenye ukanda toboa matundu kila baada ya sentimita 40, uyatie pete za shaba. Usipopata pete, zungushia uzi mnene kama wanavyofanya washona mahema. Kila tundu lipite kamba ya milimita 6 yenye urefu wa sentimita 80, ining'inie nusu huku na nusu huku, na fundo kila upande ili isichomoke.

Mahali pa kutazama sana ni miisho miwili ya kila mstari. Tanga likikunjwa, miisho hiyo ndiyo inayogeuka kuwa pembe mpya, na mzigo wote wa upepo huvuta hapo. Weka turubai mara tatu, shona kwa umbo la pembetatu lenye sentimita 25 kila upande, na pembe hizo zifungwe kwenye foromali kwa kamba nene peke yake. Zile kamba ndogo za katikati kazi yake ni kushika nguo iliyokunjwa tu. Watu hukosea hapa: hufunga za katikati kwanza na kuzikaza, pembe zinabaki zimelegea, upepo unaingia, na tanga linachanika tundu moja hadi jingine kama karatasi.

Ukipunguza majini, fuata utaratibu huu. Elekeza omo kwenye upepo kadiri inavyokubali, na mtu mmoja ashike kasia kuizuia isigeuke ubavu. Legeza demani. Shusha foromali hadi ilale ndani ya mashua. Isiachwe ikining'inia nje. Funga pembe ya mbele, kisha ya nyuma, zote zikiwa zimevutwa, halafu kunja nguo na funga za katikati kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Tweka tena. Kamba ya demani itahitaji kuongezwa kama mita moja, kwa kuwa foromali imeisogelea pembe yake, basi iwe ndefu tangu nyumbani. Watu wawili waliofanya mazoezi ufukweni humaliza kwa dakika tatu au nne. Wasiofanya mazoezi huhangaika robo saa, na robo saa hiyo huwa haipo.

Mambo mawili ya kamba, na tafadhali myachukue kwa uzito. Demani isifungwe kamwe. Ishike mkononi, au izungushe mara moja kwenye taruma, ule ubavu wa mbao wa ndani ya chombo, na mkono ubaki juu yake. Mashua nyingi zinazopinduka huwa na demani iliyofungwa fundo na nahodha aliyekuwa akikumba maji au akitafuta sigara. Na jarari, ile kamba ya kutwekea, ifungwe kwa mizunguko inayofunguka hata ikiwa imelowa na imekazwa. Ukihitaji meno kuifungua, imefungwa vibaya. Kila mwezi pitisha mafuta ya mgando kwenye tundu la mlingoti inamopita. Foromali inayogoma kushuka ni hatari kuliko tanga kubwa.

Mkienda upepo ukiwa nyuma, msijaribu kuhamisha foromali upande wa pili kwa upepo mkali. Shusheni, geuzeni chombo, twekeni upande mwingine. Foromali inayopigwa na upepo huvunja mlingoti au kichwa cha mtu.

Wakati wa kupunguza ni lini? Vilele vyeupe vikianza kuonekana kila unakotazama, upepo umeshapita kilomita 20 kwa saa. Kunja mara moja hapo hapo. Matone ya maji yakianza kuruka kutoka kwenye vilele, uko kwenye kilomita 30 na zaidi, na mkunjo wa pili ulitakiwa uwe umeshafungwa.

SWALI: Fundi ameniambia nitie mawe chini ya mashua ili isipinduke. Kilo ngapi? — Msomaji, Sengerema

JIBU: Fundi ana hoja, kwa sababu farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya chombo, hukisaidia kusimama. Lakini jiwe lililolegea huviringika upande uliolala na kuimalizia dhoruba kazi yake, na mashua ikijaa maji jiwe huivuta chini. Tumia maji ya ziwa ndani ya madumu. Madumu manne ya lita 20 yaliyojaa ni kilo 80, yalazwe sakafuni katikati na kufungwa kwenye mataruma. Mashua ikijaa, maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha, na ukihitaji wepesi unamwaga. Pima ukingo wako upya baada ya kuyaweka. Kama umeshuka chini ya sentimita 35, punguza madumu au punguza mtu.

SWALI: Hatuna injini. Dhoruba ikitukuta katikati, nchi kavu haionekani kwa mvua, tufanye nini? Wengine husema tukimbie na upepo. — Msomaji, Nansio

JIBU: Shusheni tanga, foromali ilale chini na ifungwe. Kila mtu avae jaketi okozi, kama hakuwa amevaa. Kisha msikimbie, isipokuwa mnajua kwa hakika kwamba mbele yenu kuna maji mapana ya kutosha saa mbili au tatu. Huku kwetu mbele mara nyingi kuna mawe. Kina cha ziwa kilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na majabali yaliyokuwa yakionekana zamani mengine yalifunikwa maji kidogo tu.

Kinachowafaa ni kuielekeza omo kwenye mawimbi na kuifanya ibaki huko. Nanga haifiki chini mbali na pwani, au ikifika kamba haitoshi, kwa hiyo tengenezeni nanga ya majini kabla ya safari. Chukua kiroba cha kilo 50 kilicho kizima. Mdomoni tia duara la fito au waya mnene linaloenea mdomo huo, ushonee pande zote. Funga kamba nne za urefu wa mita moja kwenye duara, zikutane kwenye fundo moja. Kata chini ya kiroba tundu la upana wa kiganja, maji yapite. Bila tundu kiroba huyumba kama kishada na kuchanika. Kamba kuu iwe ya milimita 10 au 12, mita 30, ifungwe kwenye taruma imara la omo, na mahali inapogusana na ubao izungushiwe tambara au kipande cha mpira wa baiskeli, maana msuguano wa saa moja hukata kamba mpya. Tosa kiroba mbele. Mashua itarudi nyuma polepole, omo ikitazama wimbi. Ndoo ya plastiki haiwezi kazi hii: mkono wake hung'oka.

Watu wote wakae sakafuni, karibu na katikati, asisimame mtu. Anayekaa juu ya ukingo anainua uzito, na anayekaa omoni anaizuia isipande. Kaeni mbali na mlingoti radi ikipiga.

Halafu kukumba maji, yaani kuyatoa chomboni, bila kupumzika. Sakafu ya mita 4 kwa 1 ikiwa na maji ya sentimita 10 tu, hayo ni lita 400, yaani kilo 400. Ni kama kupakia watu sita wazima ambao kila chombo kikilala wanakimbilia wote upande uleule. Muwe na ndoo mbili za lita 10 na dumu moja lililokatwa ubavu la kukwangulia chini, vyote vimefungwa kwa kamba. Ndoo isiyofungwa huondoka na wimbi la kwanza. Mbao mbili za kukinga zilizopigiliwa sakafuni kukata upana wa chombo, zenye kimo cha sentimita 20, huzuia maji yasikimbie kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya chombo. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi, na inafaa kila shilingi.

Mkilazimika kukimbia na upepo, tumieni tanga la mkunjo wa pili au msitumie kabisa, watu wasogee nyuma kidogo, na mburute kamba ya mita 30 kutoka tezini. Bila hiyo mashua hushuka mgongo wa wimbi kwa kasi, omo inachimba, tezi inazunguka, na wimbi la nyuma linaipiga ubavu. Ukiona usukani umetoka majini kila kilele, ongozeni kwa kasia.

SWALI: Mashua ikipinduka na pwani inaonekana, kaka yangu husema aogelee kuleta msaada. Ni sawa? — Msomaji, Kamanga

JIBU: Si sawa, na tunakuomba umwambie leo. Macho yaliyo usawa wa maji hukosea umbali, mawimbi humla mwogeleaji nguvu, na kichwa cha mtu hakionekani hata mita 200. Mashua iliyopinduka huonekana kutoka mbali. Shikeni mashua.

Ili ishikike, iwezesheni kuelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri hubeba karibu kilo 19. Sita hubeba kama 115. Ila yasiwekwe sakafuni: chombo kikipinduka yataelea juu na kukizuia kisigeuke. Yafungeni chini ya ukingo, matatu kila ubavu, kwa kamba inayopita chini ya mataruma. Hapo mashua iliyojaa maji itabaki imesimama sawa.

Baada ya kupinduka, hesabuni watu kwanza. Fungueni jarari na demani, foromali itoke, maana tanga lililojaa maji hakuna anayeliinua. Kisha wote upande mmoja, miguu juu ya mkuku, ule mti wa chini kabisa ya chombo, mvute ukingo wa pili kwa uzito wa mwili. Ikigeuka, mwepesi mmoja aingie akumbe maji, wengine wabaki nje wameshika. Maji yakiingia kwa kasi kuliko anavyokumba, acheni, mshike tu, mkae mmesongamana. Maji ya ziwa ni nyuzi 24 hadi 26, yanaonekana ya uvuguvugu, lakini mwili una 37, na baada ya saa kadhaa mikono huishiwa nguvu. Jifungeni kwenye chombo kwa fundo la kufunguka upesi.

Simu iwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni yenye hewa, ikining'inia shingoni: 112 ya dharura au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Na kabla ya kuondoka mwachie mtu wa mwaloni saa ya kufika. Muelewane kwamba saa moja ikipita bila simu, anatoa taarifa. Asisubiri kuche.

SWALI: Kufika tumefika, lakini mwaloni mawimbi yanavunjika na kuna mawe. Tunaingiaje? — Msomaji, Ukara

JIBU: Kama kuna mwalo mwingine nyuma ya rasi, nendeni huko, hata kama ni mwendo wa saa moja zaidi. Kama hakuna, tanga lishuke mkiwa bado nje. Geuzeni omo itazame ziwa, mtose nanga nje ya mahali mawimbi yanapoanza kuvunjika, na mlegeze kamba polepole huku makasia yakisaidia, mwingie kinyumenyume. Hivyo kila wimbi linakutana na omo, na mkiona mwamba nyuma mnavuta kamba mnarudi mlikotoka. Kina kikiwa mita 5, toeni kamba mita 35. Fupi kuliko hapo nanga itang'oka.

Chini ya pwani zetu ni majabali, na nanga hunasa. Kabla ya safari fungeni kamba ya pili ya milimita 6 kwenye kitako cha nanga, upande wa makucha, na mwisho wake kidumu cha lita 5 kinachoelea. Kesho yake ziwa likitulia, vuteni kwa kidumu hicho, nanga itatoka kwa nyuma kama ilivyoingia.